Mjusi Asiye na Kazi

Mara ya kwanza watu wa Mlola walikuja kumhani Mwanaheri mikono mitupu, kama inavyotakiwa. Mara ya pili walikuja na maharage.

Lilikuwa debe moja tu. Wifi yake Sabra aliliweka kibarazani taratibu, akasema ni hayo machache, ameyaleta kwa sababu mtu aliye kwenye eda akikaa bila kushika kitu mawazo humla. Mwanaheri aliyachambua. Alitoa mawe, akatoa yaliyotobolewa na wadudu, akatenga mekundu na ya manjano, na jioni debe likarudi Mlola kana kwamba limepita mashineni. Wiki iliyofuata yakaja madebe mawili. Baada ya hapo Sabra aliacha hata kujieleza. Maharage ya ukoo mzima yakawa yanapanda gari Mlola, yanashuka njia panda ya Irente na kubebwa hadi kwa mjane, kwa kuwa mjane yupo, amekaa, haendi popote.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe, Mbaraka, aliyekuwa akipakia kabichi na karoti kwenye malori ya Dar es Salaam, alifariki wakati wa masika kwa homa ya mapafu, huku akiendelea kubishana na daktari kwamba ni mafua. Nyumba yao ya matofali, chini kidogo ya barabara ya Irente, waliijenga wawili: mawe ya msingi Mwanaheri aliyatoa mtoni kwa kichwa chake, mabati akanunua Mbaraka. Walipata mtoto mmoja, Nasra, ambaye sasa ni muuguzi Dodoma.

Katika maisha yale yote ya ndoa Mwanaheri hakuwahi kufuga kitu kisicholipa. Ng'ombe alitoa maziwa. Kuku walitaga. Sungura waliuzwa hotelini mjini. Paka alikuwepo kwa ajili ya panya, na panya walipokwisha Mbaraka alimbeba yule paka kwenye kikapu akampeleka kwa jirani mwenye ghala, kwa maelezo kwamba hapa kwetu hana tena la kufanya. Mwanaheri hakubisha. Siku zile aliona ni jambo la akili.

Aliyesimamia mazishi alikuwa shemeji yake mkubwa, Twaha, mume wa Sabra, na aliyasimamia vizuri. Hilo Mwanaheri hakuwahi kulikana. Twaha ndiye aliyelipia jeneza la kukodi na usafiri wa watu, ndiye aliyesimama mvuani mpaka kaburi likafukiwa. Na ndiye aliyeleta shauri, matanga yalipokwisha, kwamba eda ikimalizika Mwanaheri ahamie kwake Mlola. Alilisema kwa wema. Alisema nyumba ya mwanamke peke yake haina usalama, alisema baridi ya huku si ya kulala mtu mmoja, alisema hii nyumba inaweza kupangishwa na kodi akawa anapewa yeye mwenyewe mkononi. Kule Mlola wake wawili wa wanawe Twaha wanashinda sokoni, watoto wamejaa uani, jiko halina mwenyewe. Atapata watu.

"Kwani hapa utabaki kufanya nini, shemeji?" aliuliza, na hakungoja jibu, maana hakuliona kuwa swali.

Hakuwa na uwezo wa kumtoa kwa nguvu, na wote wawili walilijua hilo. Baraza la kata lipo, na watu waliomwona Mwanaheri akibeba mawe bado wako hai. Lakini mjane aliyekosana na mkubwa wa ukoo huishi kama mtu aliyezingirwa. Hapati mtu wa kumlimia matuta, hapati gari la kupakia mzigo wake, na akiumwa hukosa wa kumchemshia uji. Nasra naye, kwenye simu, aliona afadhali Mlola. "Angalau utakuwa na watu, mama," alisema. Kila aliyemshauri alitumia neno hilo hilo, watu, na Mwanaheri aliendelea kuchambua maharage yao.

Yule kinyonga alitokea asubuhi moja baada ya mvua, kwenye ua wa michongoma. Alikuwa dume, kijani kibichi, mwenye pembe mbili puani, akiyumba mbele na nyuma kabla ya kila hatua kama mtu anayejaribu ngazi mbovu. Jicho moja lilimtazama Mwanaheri. La pili lilimtazama Sabra, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua debe. Sabra alipiga yowe, akakimbia hadi barabarani na kuacha ndala moja nyuma. Kutoka kule barabarani akasema kinyonga nyumbani kwa mfiwa ni nuksi tupu, aitwe mtu aje na mawe.

Mwanaheri hakuwa na mpango wowote hadi dakika ile. Aliinama, akachukua kijiti, akakiweka mbele ya yule mnyama na kungoja mpaka apande. Kisha akavuta tenga lililokuwa likibeba nyanya wakati wa Mbaraka, akamtia humo na kufunika kwa kipande cha chandarua.

"Wifi, mtupe huyo," Sabra alisema kutoka mbali.

"Simtupi."

"Utamfanyia nini?"

"Nitamfuga."

"Kwa ajili ya nini?"

Mwanaheri alitafuta jibu, akakosa, na kule kukosa kukampa furaha ambayo hakuipata tangu msiba. Alikaa chini. Hakuyagusa yale maharage.

Kufuga, kwake yeye, kulikuwa na maana moja. Milimani huku ng'ombe haendi malishoni. Malisho humfuata bandani. Mtu hukata majani kwenye kingo za matuta asubuhi na jioni, huweka maji kwenye ndoo, hutupia chumvi kidogo, na mnyama husimama palepale maisha yake yote akipokea. Basi Mwanaheri alimfuga kinyonga hivyo hivyo. Alimkatia majani ya gwatemala, machanga na laini, sehemu ile ambayo ndama huipenda. Alimwekea maji kwenye kibakuli cha bati na punje tatu nne za chumvi ya mifugo kwenye kifuniko cha chupa. Kinyonga alisimama juu ya majani yale bila kuyagusa. Macho yake yakaanza kuingia ndani. Ule ukijani ukafifia, ukawa rangi ya karatasi iliyoloweshwa na kukaushwa tena.

Alimtafuta Sefania kwa sababu hakukuwa na mwingine. Sefania ni jirani wa upande wa pili wa ua, Mlutheri, mkulima wa matunda, peasi na plamsi, mtu mzima kuliko Mwanaheri. Ujanani, kabla serikali haijasimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje, aliwahi kukamata vinyonga na mijusi huko Zirai, kwenye misitu ya Usambara ya mashariki, na kuwauzia wafanyabiashara waliokuwa wakipita na masanduku. Walizungumza yeye akiwa upande wake wa michongoma na mkewe Efrazia akiwa amesimama ubavuni, ili mtu asije akapata la kusema.

Efrazia ndiye aliyelichungulia tenga lilipoinuliwa juu ya ua. Sefania alitazama zaidi. Alitazama majani, akatazama kibakuli, akatazama kifuniko cha chumvi.

"Mama Nasra," alisema, "hii gwatemala ni ya nani?"

"Yake."

"Ulitaka akishiba umkamue?"

Efrazia alishika mti ili asianguke kwa kicheko. Mwanaheri alijaribu kukasirika akashindwa, na watatu wale walicheka mpaka mbwa wa Sefania akaanza kubweka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha sauti tangu masika, na alipokikata alijifuta macho kwa upindo wa kanga bila kuona aibu.

Kisha Sefania akamweleza. Kinyonga anakaa kwenye majani lakini hayali. Anakula nzi, panzi na viwavi, tena wawe hai na wawe wanatembea. Maji ya kwenye bakuli hayaoni kabisa. Anachokijua ni tone linaloning'inia kwenye jani, na huyu alikuwa anakufa kwa kiu pembeni ya maji. Alichukua jagi, akaloweka mkono, akanyunyiza juu ya tenga, na yule mnyama akanyoosha shingo na kuanza kulamba chandarua polepole. Mchana ule ule, mvua ya manyunyu ilipotulia, Sefania alimpandisha juu hadi ukingo wa msitu na kumwachia kwenye kichaka. Aliporudi alimwambia Mwanaheri kwamba mnyamapori hafungiwi bila kibali, na kwamba hata bila sheria yule asingemaliza mwezi ndani ya tenga.

Mwanaheri alikubali yote. Alimshukuru. Halafu akasema, "Basi nichagulie mwingine, Baba Yusta. Anayemfaa mtu asiyejua."

Sefania alidhani mambo yamekwisha. Aliuliza kama hataki paka. Mwanaheri alisema paka anafanya kazi. Aliuliza kuhusu ndege. Alisema ndege kwenye kizimba anamuumiza roho. Alitaka kitu kidogo cha mtini, kama yule, kinachotazama. Hakujua kueleza zaidi ya hapo, na Sefania, aliyekuwa mtu wa kuheshimu hata ombi asilolielewa, alikaa juu ya gogo upande wake na kuanza kulipima jambo kama anavyopima mche wa kupanda.

Vinyonga wote aliwaondoa kwanza. Wale wakubwa wa pembe wanataka ukungu, upepo na jua kwa kiasi chao, na wakikosa kimoja hawalalamiki, hufa tu. Anayeanza hatambui mpaka asubuhi amkute chini. Wale wadogo wa rangi ya jani kavu, wanaokaa chini msituni kwenye vijiti, wanaonekana wapole, lakini msitu ndio uhai wao, na mtu hawezi kuleta msitu nyumbani. Mjusi mkubwa mwenye kichwa cha rangi kali, yule wa kwenye majabali anayepiga pushapu, si wa mtini na tena ni mgomvi. Akabaki mjusi kafiri wa ukutani.

"Huyo hapana," alisema Mwanaheri.

Sefania, ambaye hakuwa Mwislamu lakini aliishi na Waislamu maisha yake yote, hakuuliza sababu. Mwanaheri alifundishwa madrasa tangu utotoni kwamba mjusi yule huuawa, na ana malipo anayemuua. Ugomvi alioutaka, kama ulikuwa ugomvi, ulikuwa na ukoo. Na dini yake hakuwa na neno.

"Tena yule ni wa usiku," Sefania aliongeza. "Utamfuga, halafu wewe umelala, yeye yuko macho. Hamtajuana." Aliokota kijiti akakitupa juu ya ua, kikagonga shina la mpeasi mzee uliokuwa mbele ya jiko la Mwanaheri. "Angalia hapo juu ya pale kilipogonga. Usisogee."

Aliangalia. Aliona gome. Akaendelea kuangalia, na sehemu moja ya gome ikageuza kichwa.

Alikuwa mjusi wa urefu wa kidole cha kati pamoja na mkia, wa kijivu chenye madoa, koo jeusi kidogo. Mwanaheri lazima alikuwa amempita mara elfu akienda jikoni. Sefania alisema hao ni wa mchana, wanalala giza likiingia kama watu. Kila dume ana mti wake na haondoki. Anashika gome kwa vidole na hata kwa ncha ya mkia. Anakula sisimizi na vijidudu, analamba utomvu na utamu wa maua, na baridi ya Lushoto ameizoea kwa kuwa ndipo alipozaliwa. Huhitaji kumkamata, alisema, wala kumjengea, wala kumletea hali ya hewa. Anayeanza achukue aliyekwisha kujiweka mwenyewe. Amzoeshe tu.

"Na nikikosea?"

"Ukikosea atapanda juu. Atakusubiri upate akili."

Kumzoesha kulichukua sehemu kubwa ya eda iliyobaki. Mwanaheri aliweka kigoda chini ya mpeasi na kukaa. Mwanzoni kila alipokohoa mjusi alizungukia upande wa pili wa shina na kuchungulia kwa jicho moja, kama mtu anayedaiwa. Alipaka ndizi mbivu kwenye gome, akaondoka. Akapaka, akabaki. Akapaka kwenye ncha ya unyasi na kuushika mpaka mkono ukafa ganzi. Siku alipolambwa kwenye ukucha alihisi kitu chepesi kuliko tone la mvua.

Hakumpa jina. Jina ni la kuitia, alimwambia Efrazia, na mimi sina pa kumtuma.

Habari zilifika Mlola zikiwa zimenenepa. Kwa kuwa kinyonga alikuwa ameonwa na Sabra kwa macho yake, ilisemekana mjane sasa ana wawili, halafu wengi, halafu kwamba wanalala naye kitandani. Madebe ya maharage yalianza kuishia barabarani, kisha yakakoma kabisa. Hakuna aliyetaka chakula cha watoto wake kipite nyumba ile. Wanawake wa kijijini, waliojua hadithi ya maharage, walicheka wakasema Mwanaheri mjanja, kamweka mjusi afukuze madebe. Mwanaheri hakulipenda hilo hata kidogo. Hata hiyo ilikuwa kazi.

Sabra, ambaye hakuwa mtu mbaya, alirudi peke yake akiwa na wazo. Alisimama langoni na kulieleza kwa sauti ya mtu aliyeleta dawa. Wageni wanapita hapa kila siku wakipanda Irente kutazama mandhari, wakitoka wananunua jibini na jemu. Wazungu wanapenda vitu kama hivi. Kibao kidogo tu barabarani. Wapite uani, waonyeshwe, waache chochote. Shemeji yako anaelewa biashara, alisema. Ukimwambia ni biashara, hatasema neno, na habari za kuhamia Mlola zitasogezwa mbele. Mwanaheri alimkaribisha chai, akamwambia hapana.

Nasra alipiga simu kutoka Dodoma, naye akiwa na njia yake. Alikuwa ameongea na baba yake mkubwa, akamkuta amekasirika, lakini si kwa kiasi cha kushindikana.

"Waambie anakula mbu, mama. Watanyamaza."

"Hali mbu. Mbu wakitoka yeye amelala."

"Sasa wao watajua?"

"Mimi nitajua."

Nasra alivuta pumzi kwa namna ambayo wauguzi huvuta mbele ya mgonjwa anayekataa sindano. Aliuliza, kwa upole sasa, kwa nini jambo dogo kama hili lisipewe maneno madogo likapita. Mwanaheri alimwambia atamjibu siku nyingine. Ukweli ni kwamba jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa bado halijakaa sawa mdomoni. Lilihusu yule paka wa kwenye kikapu.

Eda ilikwisha. Mwanaheri alioga, akavaa doti jipya la kanga, akajitia udi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Watu wa Mlola walikuja na mchele na mbuzi, kisomo kikasomwa, watu wakala. Mikeka ilitandikwa uani kwa kuwa ndani hakukutosha, na wale waliokuwa karibu na mpeasi walijisogeza kidogo kidogo hadi wakawa wamebanana upande wa pili. Sefania na Efrazia walialikwa kama majirani, wakaketi pembeni.

Baada ya sahani kutolewa Twaha alijikohoza. Mpaka hapo alikuwa akiongea Kishambaa, lugha ya nyumbani na ya mzaha. Alipoanza safari hii alianza kwa Kiswahili, na wote wakajua kikao kimefunguliwa. Alimshukuru Mungu, akamwombea marehemu, akasema gari litakuja mwisho wa wiki kwa ajili ya vitu vya shemeji yake. Mwanaheri alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba gari lisije. Hapo ndipo Twaha alipogeuka, na haikuwa kwa ukali. Sabra na Nasra walikwisha kumtayarisha. Alikuja akiwa ameubeba ule mlango wa kutokea, yeye mwenyewe, ili amfungulie.

"Shemeji, mimi si mtu wa ugomvi," alisema. "Wanasema umeingiwa na kitu, ndiyo maana hutaki kuondoka. Mimi sikuamini. Nimeambiwa huyo mdudu wako anasaidia kupunguza mbu. Kama anasaidia, sina neno, mtu ana paka, mwenzake ana mbwa, na wewe una akili zako. Hata kubaki hapa tutalizungumza. Sema tu mbele ya watu. Anasaidia?"

Nyuma yake Sabra alikuwa akiitikia kwa kichwa: ndiyo, sema ndiyo.

"Hasaidii kitu, shemeji."

"Hata nzi?"

"Akitaka sisimizi anakula. Asipotaka hali. Sikumweka kwa ajili ya sisimizi."

"Kwa hiyo ana kazi gani?"

"Hana."

Mzee mmoja wa Mlola alicheka puani, akajifanya anakohoa. Twaha hakucheka. Alikuwa ameombwa na wanawake wawili awe mpole, na upole wake ulikuwa umekataliwa mbele ya ukoo.

"Kitu kisicho na kazi hakikai kwenye nyumba ya watu," alisema.

"Kwangu kinakaa."

"Na wewe? Kule kuna watoto, kuna jiko, kuna mahali pako. Hapa utabaki kufanya nini?"

Lilikuwa swali lile lile la siku za msiba, ila safari hii alilingojea jibu. Mwanaheri alikuwa amelifanyia kazi kwa miezi, akiwa na maharage mbele yake na baadaye bila maharage. Aliweka mikono mapajani.

"Nitakaa."

"Kukaa si kazi."

"Ndiyo, shemeji. Si kazi."

Twaha akazungumza kwa mpangilio, kama mtu anayetoa mizigo garini. Alisema hakuna kijana wa Mlola atakayekanyaga matuta haya wakati wa vuli. Gari la mwanawe, lililokuwa likipitia karoti zake, sasa litasimama kwa watu wengine. Sikukuu itakapofika asitume salamu kuuliza mbona hakuletewa fungu lake la nyama. Na atakapochoka, asione haya, aje, lakini aje bila mjusi. Baada ya kila neno alinyamaza kidogo, akimpa nafasi ya kulia. Nafasi zile zilikuwa za kweli. Angelia, angesamehewa palepale, na ukoo mzima ungepumua.

"Nimesikia," alisema Mwanaheri. Akainuka, akamletea viatu vyake, akaviweka sawa mbele ya mkeka. "Shikamoo, shemeji. Safari njema."

Twaha hakuwa na la kufanya ila kuitikia. "Marahaba," alisema, na akavivaa.

Waliondoka kwa mafungu. Sabra alichelewa kwa kisingizio cha sufuria. Alizifuta mara mbili, halafu akasogea hadi hatua chache kutoka kwenye mpeasi, mikono ameificha ndani ya mtandio.

"Yuko wapi?"

Mwanaheri alimwonyesha. Mjusi alikuwa kwenye shina usawa wa macho, akiota jua la mwisho la alasiri, koo likipanda na kushuka.

"Ndiye huyu?" Sabra aliinamisha kichwa. "Mdogo hivi?"

"Ndiye."

"Wifi, umegombana na mume wangu kwa huyu?"

"Kumbe umemwona."

Sabra alitoa mlio uliokuwa nusu kicheko. Aliuliza kama anauma. Aliuliza kama analala kweli usiku. Hakuthubutu kumgusa, wala hakuombwa. Honi ililia barabarani; alimshika Mwanaheri bega kwa nguvu, akabeba masufuria yake na kwenda.

Jioni ile Efrazia alikuja na kusema Sefania ana vijana wawili wa kanisani wanaotafuta vibarua. Si hodari, lakini matuta wanayajua. Mwanaheri alisema waje wamwone. Karoti ataona zitakavyofika mjini. Alikuwa amezibeba mwenyewe kichwani kabla ukoo haujawa na gari, ingawa kichwa kile kilikuwa na umri mwingine. Hakujidanganya kuhusu vuli. Alijua itakuwa ngumu, alijua kuna siku ataamka na homa na kusikiliza kama kuna hatua mlangoni. Alilipima hilo upande mmoja, na upande wa pili akaliweka lile jiko la Mlola lisilo na mwenyewe, asubuhi, kila asubuhi, na akaona alikuwa amejibu sawasawa.

Siku ya soko iliyofuata alishuka Lushoto. Njia nzima wanawake walikuwa wakiteremka na mizigo, matenga ya hoho, vikapu vya parachichi, vichwa vimenyooka, na kila aliyempita alimtazama juu kidogo ya paji la uso, mahali ambapo mzigo ungekuwa. Katika miaka yake yote hakuwahi kushuka njia ile akiwa mtupu. Shingo ilikuwa inashangaa.

"Umeleta nini leo, Mama Nasra?" aliuliza mmoja.

"Sijaleta."

"Unafuata nini basi?"

"Sifuati."

Yule mwanamke alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaongeza mwendo.

Sokoni alizunguka bila haraka. Alishika kabichi za watu na kuzirudisha. Alisimama kutazama fundi baiskeli mpaka fundi akamuuliza kama ana baiskeli. Kisha akaingia kwenye kibanda cha chai, akachagua benchi linalotazama barabara, akaagiza chai na chapati na kukaa katikati ya watu waliokuwa wakinywa kwa haraka ya kurudi kwenye bidhaa zao. Alikunywa polepole. Chapati ilipokwisha hakuondoka. Mwenye kibanda alifuta meza mbele yake mara ya kwanza, na mara ya pili, na mwishowe akamuuliza kwa heshima anamsubiri nani.

"Simsubiri mtu," alisema Mwanaheri. "Niongezee chai."